Philipp Nicolai, Mchungaji Aliyeimba Wakati wa Tauni



Majilio ni majira ya kukesha. Katika majuma haya Kanisa hutukumbusha mambo mawili: kwamba Bwana wetu alikuja Bethlehemu katika hali ya unyonge, na kwamba atakuja tena katika utukufu. Jambo la kwanza twalifurahia bila shida. La pili wengi wetu hulisikia kwa hofu, na wengine hatulisikii kabisa. Kwa hiyo tumeona vema kuwaletea wasomaji wetu habari za maisha ya mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 400 iliyopita, ambaye alitunga mojawapo ya nyimbo za Majilio zinazopendwa sana na ndugu zetu Walutheri. Jina lake ni Philipp Nicolai. Wimbo wake, ambao kwa Kijerumani huitwa Wachet auf, unahusu wanawali kumi tunaosoma habari zao katika Mathayo sura ya 25. Ni wimbo wa furaha tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini ulitoka katika mji uliokuwa umezika watu zaidi ya 1,300 kwa muda wa miezi saba, na mtungaji wake ndiye aliyekuwa mchungaji wao.

UTOTO NA MASOMO

Philipp Nicolai alizaliwa tarehe 10 Agosti 1556 katika mji mdogo wa Mengeringhausen, katika jimbo la Waldeck nchini Ujerumani. Martin Luther alikuwa amefariki miaka kumi tu kabla ya hapo. Baba yake Philipp, Dietrich, alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Kwa desturi ya wasomi wa siku zile aliliacha jina la ukoo, Rafflenboel, akachukua jina Nicolai, lililotokana na jina la baba yake mwenyewe, Nikolao.

Kijana Philipp alipelekwa kusoma katika Chuo Kikuu cha Erfurt mwaka 1575, na mwaka uliofuata akahamia Wittenberg, mji ule ule Luther alikofundisha. Alimaliza masomo yake mwaka 1579. Mwaka 1583, akiwa na umri wa miaka 27, aliitwa kuwa mhubiri huko Herdecke, mahali ambapo baba yake naye alikuwa amehudumu zamani.

Ni lazima tukumbuke hali ya wakati ule. Mwaka 1555 watawala wa Ujerumani walikuwa wamepatana kwamba dini ya mtawala ndiyo itakuwa dini ya raia wake. Kwa hiyo amani ya Kanisa ilitegemea ni nani anayetawala, na ni jeshi la nani linalopita. Huko Herdecke baadhi ya wakuu wa mji walikuwa bado wafuasi wa Kanisa la Roma. Mwaka 1586 askari wa Hispania waliingia katika nchi ile, na mchungaji mwenzake Nicolai akairudisha Misa ya Kirumi. Nicolai hakuweza kukubali. Alijiuzulu, akaondoka.

Kutoka hapo alikwenda Cologne. Katika mji huo Walutheri hawakuwa na ruhusa ya kuabudu hadharani. Walikusanyika kwa siri katika nyumba zao wenyewe, na Nicolai akawa mchungaji wao, akienda nyumba kwa nyumba kuwahubiria na kuwapa Ushirika Mtakatifu. Hapo alijifunza kwamba Kanisa laweza kuishi bila mnara na bila kengele.

MTU MWENYE BIDII NA MWENYE UKALI

Baada ya muda alirudi katika jimbo la kwao. Mwaka 1588 alifanywa mchungaji wa Altwildungen, na pia mhubiri katika nyumba ya Bibi Margaretha, mjane wa mtawala wa Waldeck. Bibi huyo alikuwa na mwana mdogo jina lake Wilhelm Ernst, na Nicolai akawa mwalimu wake. Mwalimu alimpenda sana mwanafunzi huyu, na tutaona baadaye jinsi alivyomkumbuka.

Hatutakuwa wakweli tukisema kwamba Nicolai alikuwa mpole katika kila jambo. Siku zile Walutheri na wafuasi wa Calvin walikuwa katika mabishano makubwa juu ya Chakula cha Bwana, kama Kristo yumo kwa namna gani katika mkate na divai. Nicolai aliingia katika ugomvi huo kwa nguvu zake zote. Aliandika vitabu vingi, na ndani yake mna maneno makali mno, hata ya matusi, juu ya Wakristo wenzake. Kwa ajili ya mabishano hayo alizuiwa mwaka 1590 asipate shahada ya udaktari katika chuo cha Marburg, maana mtawala wa huko hakutaka fujo. Aliipata shahada yake Wittenberg mwaka 1594.

Tena alikuwa na jambo lingine lililomshughulisha. Alichunguza kitabu cha Danieli na Ufunuo wa Yohana, akahesabu miaka, na katika kitabu chake kikubwa juu ya Ufalme wa Kristo, kilichotolewa mwaka 1597, akakadiria kwamba mwisho wa dunia utakuwa karibu na mwaka 1670. Leo sisi sote twajua kwamba mwaka huo ulikuja ukapita kama miaka mingine. Bwana wetu alisema wazi kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba peke yake, lakini wenye elimu katika kila kizazi wamejaribu kuijua. Nicolai naye alikuwa mmoja wao.

TAUNI HUKO UNNA

Mnamo Oktoba 1596 Nicolai aliitwa kuwa mchungaji wa Unna, mji wa biashara katika nchi ya Westphalia. Alipofika, mji ulikuwa umegawanyika kati ya Walutheri na Wakalvini, naye akaanza mara moja kubishana, kama ilivyokuwa kawaida yake. Kisha, mwezi Julai 1597, ikaingia tauni, na ule ugomvi ukanyamazishwa na kengele za mazishi.

Siku zile watu hawakujua kwamba tauni huletwa na vijidudu vinavyobebwa na viroboto. Hawakuwa na dawa yoyote. Mtu alishikwa na homa, akatokwa na mitoki iliyovimba, na wengi wakafa katika muda wa siku chache. Waliokuwa na uwezo waliukimbia mji. Walioweza kufunga milango yao waliifunga. Mchungaji Nicolai hakukimbia. Alibaki akiwatembelea wagonjwa, akiwapa Ushirika Mtakatifu, na kuwazika waliokufa.

Nyumba yake ya uchungaji ilikuwa imeelekea makaburini. Kila alipotazama nje aliona makaburi yakichimbwa. Zilikuwako siku ambazo walizikwa watu zaidi ya 20, na hata kufikia 30 kwa siku moja. Harufu ya mauti ilikuwa hewani. Ilipofika Januari 1598 na tauni kupungua, waliokufa walikuwa zaidi ya 1,300. Kwa mji mdogo wa siku zile, hii ni kusema kwamba haikubaki nyumba isiyoomboleza.

Wasomaji wetu wengi hawahitaji kuelezwa sana juu ya jambo hili. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki tumeona miaka ambayo kila Jumamosi ilikuwa na mazishi, na ukimwi ukatwaa akina baba na akina mama, nyanya na babu wakaachwa na wajukuu wa kulea. Tena katika mwaka 2020 na 2021 tulipata kujua jinsi ilivyo ngumu kuzika bila kukusanyika na kulia pamoja. Tunajua maswali ambayo mwenye kufiwa humwuliza mchungaji, na jinsi mchungaji naye anavyokosa la kusema.

Nicolai angeweza kupanda mimbarani na kuwaambia watu kwamba ni adhabu kwa sababu wamewasikiliza Wakalvini. Kwa mtu wa tabia yake ingekuwa rahisi. Angeweza pia kuendelea na hesabu zake za miaka, maana mambo ya kutisha kama haya huwafanya wengi kuhesabu. Lakini katika miezi ile aliweka kando mabishano. Alijifungia na Maandiko Matakatifu, na vitabu vya mababa wa Kanisa, hasa kile cha Mtakatifu Augustino juu ya Mji wa Mungu. Swali alilolitafakari ni moja: hao waliozikwa pale nje ya dirisha langu, katika Kristo wako wapi, na wana nini?

Kila siku aliandika yale aliyoyatafakari. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuona jambo lolote tamu na lenye kumtuliza moyo kuliko kuutafakari uzima wa milele. Aliziweka karatasi zake kwa nia mbili. Ikiwa Mungu angemwita katika tauni ile, watu wangezikuta karatasi hizo na kujua kwamba mchungaji wao alikufa kwa amani. Ikiwa Mungu angemwacha hai, angezitumia kuwafariji wengine walio katika shida kama hiyo.

Mungu alimwacha hai. Alitia sahihi dibaji ya kitabu chake tarehe 10 Agosti 1598, siku ya kuzaliwa kwake, alipotimiza miaka 42. Kitabu kilichapishwa Frankfurt mwaka 1599. Jina lake kwa Kiswahili laweza kuwa Kioo cha Furaha cha Uzima wa Milele. Ni ajabu kwamba mtu aliyetoka katika bonde lile la mauti alikiita kitabu chake kwa jina la furaha.

WIMBO WENYEWE

Ndani ya kitabu hicho Nicolai alitia nyimbo chache, pamoja na sauti zake. Mbili kati ya hizo zimeenea duniani kote. Moja inamsifu Kristo kama nyota ya asubuhi, na nyingine ni hii ya Majilio tunayoizungumzia. Wapenzi wa muziki wa Kanisa wamezoea kuziita mfalme na malkia wa nyimbo za Kijerumani. Wimbo wa Majilio ndio mfalme.

Wimbo una beti tatu tu. Katika ubeti wa kwanza ni usiku wa manane. Walinzi walio juu mnarani wanapaza sauti kuuamsha mji wa Yerusalemu, na wanawali wenye busara wanaambiwa waondoke na kuchukua taa zao, kwa maana Bwana Arusi amekaribia. Katika ubeti wa pili Sayuni inasikia, na moyo wake unaruka kwa furaha; anainuka upesi kumlaki Rafiki yake ashukaye kutoka mbinguni, na wote wanaingia katika ukumbi wa karamu. Katika ubeti wa tatu tumekwisha kufika. Ni wimbo wa sifa wa wanadamu na malaika pamoja, mbele ya malango ya lulu yanayotajwa katika Ufunuo.

Wasikilizaji wa siku zile waliujua vizuri wimbo wa mlinzi. Katika nyimbo za kale za mapenzi za Ujerumani, mlinzi wa mnara huwaonya wapenzi waliokutana kwa siri kwamba kunakucha, waachane kabla hawajaonekana. Nicolai aligeuza mambo. Mlinzi wake haonyi ili watu waachane. Anaamsha ili waonane. Wala hawaiti watu wajifiche kwa sababu nuru inakuja, bali watoke nje waipokee.

Tena tuangalie jambo hili. Mfano wa wanawali kumi una mlango unaofungwa, na wapumbavu watano wanabaki nje. Ni onyo kali, na mhubiri mkali kama Nicolai angeweza kulikazia. Wimbo haukuwataja wale wapumbavu hata mara moja. Si kwamba hakuliamini onyo. Bali alikuwa akiwaimbia watu waliokwisha kuona milango mingi ikifungwa, wakiwa wameachwa upande wa huku. Aliona kwamba wanachohitaji ni kujua kwamba mlango ule mwingine uko wazi, na kwamba ndani yake kuna karamu.

Na yule mwanafunzi wake mpendwa? Wilhelm Ernst, mtawala kijana wa Waldeck, alikuwa amekwenda kusoma katika mji wa Tübingen. Huko naye alikufa kwa tauni mnamo Septemba 1598, kabla hajatimiza miaka 15. Lakini jina lake limo katika nyimbo zile. Ukichukua herufi za kwanza za beti saba za wimbo wa nyota ya asubuhi, utapata jina la kijana pamoja na cheo chake. Na ukichukua herufi za kwanza za beti tatu za wimbo wa Majilio, ukianza mwisho kwenda mwanzo, utapata G, Z na W, yaani cheo cha kijana huyo, mtawala wa Waldeck. Watu waimbao leo hawaijui siri hiyo, lakini kila wanapouimba wimbo wanapita juu ya jina la mtoto aliyependwa na mwalimu wake.

MIAKA YA MWISHO

Taabu za Nicolai hazikuishia kwenye tauni. Tarehe 27 Desemba 1598, siku mbili tu baada ya Krismasi, ilimlazimu kuukimbia mji wa Unna kwa sababu ya jeshi la Hispania lililovamia nchi. Hakuweza kurudi mpaka Aprili 1599. Mwanzoni mwa mwaka 1600 alimwoa Catharina, mjane wa mchungaji mwenzake. Mwaka 1601 aliitwa Hamburg, mji mkubwa wa bandari, kuwa mchungaji mkuu wa Kanisa la Mtakatifu Katarina. Huko aliheshimiwa sana kwa mahubiri yake.

Tarehe 22 Oktoba 1608 alishiriki katika ibada ya kumwekea mikono mchungaji mpya kanisani kwake. Alirudi nyumbani akijisikia vibaya. Homa ikamshika, na siku ya nne, tarehe 26 Oktoba, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 52. Yeye aliyepona tauni alichukuliwa na homa baada ya ibada ya kawaida tu.

KILICHOBAKI

Vitabu vya mabishano vya Philipp Nicolai vimelala katika maktaba, na ni wachache sana wanaovifungua. Hesabu yake ya mwaka 1670 imesahauliwa. Lakini ule wimbo uliotoka Unna ungali unaimbwa. Johann Sebastian Bach aliutumia kutunga kazi yake moja mashuhuri, iliyoimbwa Leipzig kwa mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1731. Siku hiyo ilikuwa Jumapili ya 27 baada ya Utatu, Jumapili ambayo huja tu mwaka ambao Pasaka imewahi sana, na Injili yake ilikuwa ya wanawali kumi. Juma moja tu baadaye Majilio yakaanza.

Mwaka 1858 Bibi Catherine Winkworth aliutia wimbo katika Kiingereza. Baadaye F. C. Burkitt, mwalimu wa Agano Jipya huko Cambridge, aliufasiri upya kwa ajili ya kitabu cha nyimbo cha Kianglikana kilichotolewa mwaka 1906. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walipofika katika nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika, mwishoni mwa karne ya 19, nyimbo za kwao za namna hii walikuja nazo, na ndiyo sababu sauti za kale za Kijerumani husikika mpaka leo katika milima ya Usambara na Kilimanjaro. Na hao Wakristo wa mapokeo ya Calvin, ambao Nicolai aliwaandikia maneno makali kiasi kile, nao huuimba wimbo wake katika makanisa yao. Nadhani kama angeambiwa hayo akiwa Unna mwaka 1596 angekasirika. Naamini kwamba sasa anafurahi.

Ndugu wapendwa, tujifunze nini katika maisha haya? Sisi nasi tuna yale mambo matatu aliyokuwa nayo Nicolai. Tuna mabishano yetu, katika parokia na kati ya dhehebu na dhehebu. Tuna watu wanaohesabu miaka na kututisha kwa tarehe za mwisho wa dunia. Na tuna makaburi yetu, ambayo kila familia inayajua. Mabishano hayakumpa Nicolai neno la kumwambia mjane. Hesabu hazikumpa. Alilipata neno hilo alipoketi kimya na Maandiko, akiyatazama makaburi bila kugeuza uso, mpaka akaona kwamba usiku wa manane ndio wakati ambao Bwana Arusi huja.

Kukesha, basi, si kukaa macho kwa sababu ya hofu. Aliyefiwa anajua maana ya kukesha: watu huja, huwasha taa, huketi pamoja mpaka asubuhi, na mmoja akilala mwenzake huwa macho kwa ajili yake. Huo ndio mkesha wa Majilio. Katika majuma haya kila mmoja wetu na amtafute jirani mmoja aliyefiwa mwaka huu, amtembelee, aketi naye, amwombee. Na tujaze mafuta katika taa zetu kwa sala na kwa Neno la Mungu, ili saa ile ya manane tuonekane tumesimama, taa zikiwaka, na nyuso zetu zimeelekea upande ule atokako Bwana.

Ee Bwana, utuamshe, utupe taa zinazowaka, utukutanishe na wapendwa wetu waliotangulia katika karamu yako. Amina.